Tulipoigiza Majambazi Katuba

Jumapili, 10 Novemba

Leo nimepika damu. Sukari, maji, kijiko cha unga mweupe wa mahindi ili iwe nzito, na rangi nyekundu ya keki, vyote juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Mume wangu Mardochée alichovya kidole, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Benita, hii njo damu. Ile ya wiki iliyopita ilikuwa confiture ya kupaka mukate." Nina mwezi mmoja tu tangu nifunge ndoa, na kila nikisikia jina langu kinywani mwake nataka alirudie.

Nilimpenda kabla sijamwona. Nikiwa darasa la mwisho la sekondari tulikuwa tukipitishiana hadithi zake chini ya dawati, vijitabu vya fotokopi vilivyobanwa kwa pini, vilivyouzwa soko la Katuba karibu na wauza samaki wakavu, na karatasi zilinuka samaki. Watu walichinjwa kuanzia ukurasa wa kwanza, na Kamisaa Tumba wa polisi alimkamata muuaji ukurasa wa mwisho. Siku nilipokutana na aliyeyaandika hayo yote, nilikuta kijana mpole mwenye kope ndefu anayeogopa panya.

Sasa anaandika scénario, hadithi za kuigizwa kwenye filamu. Papa Désiré, mwenye kituo cha televisheni mjini, amemwambia alete filamu moja kamili kabla ya Pasaka. Akiipenda, Mardochée atamwandikia mfululizo. Asipoipenda, mume wangu atakwenda Kasenga kwa mjomba wake Kangwa kununua samaki mtoni, miezi na miezi, nami nitabaki kwa mama mkwe. Sikuolewa ili nilale na mto wa kitanda. Filamu hii lazima iwe nzuri.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo ameniua mara mbili.

Hivyo ndivyo kazi yake inavyokwenda. Haandiki kifo kabla hajakijaribu hapa sebuleni. Kwanza alinikaba kwa kikwembe changu cha harusi, polepole, huku akiuliza, "Mikono yako inaenda wapi? Inashika kikwembe ao inanishika miye?" Nilimjibu kwamba naona kope zake. Alisema kope hazimsaidii. Mara ya pili alinijia kwa nyundo, na hapo nililia vizuri sana. Nililia vizuri kupita kiasi, maana mlango uligongwa mpaka komeo likaruka, akaingia marraine wetu, Mama Germaine, na mwiko wa bukari, ugali wa jioni, bado una moshi. Nyuma yake parrain wetu, Papa Osée, miguu mitupu, amebeba kipande cha bomba.

Hao ndio waliotusimamia siku ya ndoa, na ndio watakaotushauri maisha yote. Wanakaa avenue ya nyuma. Ua wao na wetu vinagawana ukuta mmoja.

"Mardochée, weka nyundo chini," parrain alisema.

"Ba parrain, ni kazi."

"Kazi gani ya kupasua bibi kichwa?"

"Ni filamu," nilisema nikiwa bado sakafuni. "Niko muzima, ba marraine. Ni filamu tu."

Mama Germaine alinitazama, akamtazama Mardochée, kisha akampiga begani kwa mwiko. "Hiyo pia ni filamu," akasema.

Tulicheka hadi tukalia. Walipoondoka, Mardochée aliandika kwamba jirani mwema huja hata kabla ya kuvaa viatu.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Bati linavuja juu ya kitanda. Mwamvuli, Mardochée alizifungulia karatasi zake, si mimi. Nimemsamehe.

Ijumaa, 6 Desemba

Usiku wa kuamkia leo majambazi wa kweli waliingia katika kartie, mtaa wetu. Walianzia mwisho wa avenue, kwa fundi cherehani. Walimkata mkono kwa panga, wakachukua mashine na simu. Mke wake alipopata nafasi alishika sufuria na kulipiga kwa mfuniko.

Mtu asiye wa hapa hawezi kuelewa sauti ile. Polisi wako mbali, na simu haina chaji. Kwa hiyo ukivamiwa unapiga sufuria. Jirani akisikia anapiga lake, wa tatu analipokea, na sauti hukimbia avenue hadi avenue kama moto kwenye majani ya kiangazi. Wanawake wanapiga, wanaume wanatoka na walichoshika. Hakuna anayeuliza. Asiyetoka leo, kesho hatatokewa na mtu. Nilipiga langu mpaka likabonyea.

Mmoja wa majambazi aliteleza kwenye tope. Nilimwona asubuhi kabla polisi hawajamchukua. Sitaandika alivyokuwa. Sikio moja lilikuwa halipo.

Parrain alikuwa wa kwanza kutoka, kila mtu anamsifu. Mardochée hakulala tena. Alikaa kwenye mshumaa akiandika, na alfajiri aliniamsha kwa busu: amepata mwisho wa filamu. Jambazi mkuu atakamatwa kwa masufuria. Alikuwa na furaha sana, nami niliipokea furaha yake bila kuuliza kitu.

Jumanne, 24 Desemba

Tumempata jambazi wetu. Anaitwa Guelord, ni mchomelea vyuma, mabega kama kabati, na sauti laini kama ya mtawa. Alikuja kujaribiwa akiwa na miwani ya kazi kichwani. Mardochée alimwambia anitishe. Guelord alinishika koo kwa vidole viwili, akasema kwa upole, "Shemeji, ukilia ninakukata ulimi. Pardon." 

"Usiseme pardon," Mardochée alisema.

"Lakini nimemukanyaga muguu."

Nimempenda sana. Ana mke na mtoto mchanga, na anataka mtoto amwone siku moja kwenye televisheni.

Alhamisi, 9 Januari

Tumepiga picha ya mauaji ya mfanyabiashara wa shaba. Damu yangu imevutia sisimizi wote wa Katuba. Guelord alimchinja mwenzake huku akijikuna.

Jumamosi, 18 Januari

Ugomvi wa kwanza wa kweli katika nyumba yetu, lakini si baina ya mimi na yeye. Ni yeye na Doudou, mpiga kamera.

Doudou anasema sauti ya masufuria tuichukue mchana, ndani ya nyumba, halafu tuiweke juu ya picha. Mardochée hataki. "Sufuria ya ndani ya nyumba inalia kama harusi," alisema. "Mimi nataka ile inayokuja kutoka mbali, inayokuja kukuua."

"Na bantu ba avenue zingine?"

"Nitaongea na chef wa avenue. Ataambia bote."

"Ataambia ba avenue yake. Sauti haijui mupaka."

"Doudou, weye ni wa kamera. Angalia kamera."

Chef wa avenue, mkuu wa barabara yetu, amekubali, na kila nyumba ya kwetu imeambiwa. Tutapiga picha Jumamosi ya kwanza ya Februari, jua likizama, mwanga ukiwa bado unatosha. Mimi ndiye nitakayepiga sufuria la kwanza. Mume wangu ameniandikia nafasi katika filamu yake. Usiku nilimlalia kifuani nikasikia moyo wake, na nilijua Kasenga haitampata.

Jumamosi, 1 Februari



Mvua ilikatika mchana. Ilipofika jioni mbingu ilikuwa safi na tope linang'aa, na Mardochée alinibusu mbele ya watu wote, akasema Mungu ndiye amewasha taa. Doudou aliweka kamera juu ya ukuta wa shule, kwenye miguu yake mitatu. Guelord alivaa koti la kijeshi na kushika bunduki ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi. Kichwani nilimpaka damu yangu. Alikuwa akiimba chini chini.

Mardochée alisema, "Action." Guelord alitoka mbio kwenye mlango wa nyumba ya chef na mfuko begani. Nilipiga sufuria. Jirani akapiga, na jirani wa jirani. Wanawake walikuwa wanacheka huku wanapiga. Wanaume wetu walitoka na fito wakamzunguka Guelord kama walivyofundishwa, wakapiga hewa, wakapiga ardhi, na yeye akaanguka vizuri sana.

Kisha nilisikia masufuria ambayo hayakuwa yetu.

Yalitoka upande wa soko, halafu upande wa reli, halafu nyuma yetu. Mardochée alikuwa bado anatabasamu. Aliinua kidole kama mtu anayesikiliza muziki. Ndipo wakaja kutoka pembe zote, wanaume tusiowajua, mapanga, vyuma, matofali, na hawakuwa na kelele yoyote. Waliona mtu wa koti la kijeshi yuko chini, ana damu na bunduki. Wanaume wetu walisukumwa kando kama pazia.

Guelord aliinua mikono. "Ni filamu," alisema. "Ni filamu, ba papa." Chuma kilimpiga mdomoni. Nilisikia meno. Alijaribu kusimama, wakampiga magotini. Mmoja alipiga kelele aletewe tairi, mwingine alikuwa tayari ana petroli kwenye chupa ya maji. Doudou alikimbia. Mardochée alijitupa juu ya Guelord, wakampiga mgongoni kwa panga, kwa ubapa, namshukuru Mungu kwa ubapa. Nilipiga mayowe, "Ni Guelord, ni fundi wa vyuma wa hapa," na mayowe yangu yalikuwa yaleyale ya sebuleni, hakuna aliyeyaamini. Tofali lilitoka kwa mtu nisiyemwona. Lilimpata Guelord usoni, upande wa kushoto, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama yai.

Polisi walikuja wakapiga risasi juu. Watu walitawanyika, wengine wakienda polepole, kama wanaotoka misa.

Damu ya kweli haifanani na yangu. Ni nyingi kuliko nilivyodhani, na ina joto. Nilimshikilia Guelord kichwa ndani ya gari la polisi, naye aliniuliza, kwa kinywa kisicho na meno ya mbele, kama tumeipata ile picha.

Jumapili, 2 Februari

Jicho la kushoto la Guelord limekwisha. Madaktari wanasema ataishi. Mardochée ana mistari minne ya panga mgongoni. Nilimpaka mafuta, akanigeuzia uso ukutani.

Parrain alikuja hospitalini. Alikuwa Likasi kwenye kilio cha shangazi yake tangu katikati ya wiki, alirudi jana. Alileta mkate, akapiga magoti kando ya kitanda, akasali kwa muda mrefu, akamwomba Mungu awasamehe waliofanya hivi. Nilimbusu mkono. Nilisema moyoni, kama watu wote wa mji huu wangekuwa kama yeye.

Jumamosi, 8 Februari

Mvua. Parrain humpelekea Guelord mkate kila siku.

Jumamosi, 1 Machi

Kamera haikuzimika. Doudou alikimbia lakini kamera ilibaki ukutani, inatazama. Kila kitu kimo.

Doudou aliipeleka moja kwa moja kwa Papa Désiré bila kutuambia. Leo Papa Désiré alikuja nyumbani kwetu yeye mwenyewe, kwa gari lake jeupe, akakaa kwenye kiti chetu kizuri.

"Mwandishi," alisema, "nimeona filamu nyingi za kwetu. Bantu banapigana kama wanasalimiana. Hii ni kitu kingine. Weka yote, usikate hata kidogo, na mfululizo ni wako kuanzia Pasaka."

"Na bila hiyo picha?"

"Bila hiyo? Una mupishi wa damu na kabati inayosema pardon."

Aliacha kamera mezani. Nilitegemea mume wangu amfukuze. Alimsindikiza mpaka kwenye gari na kumfungulia mlango.

Jumatano, 5 Machi

Mardochée anaitazama picha ile. Anarudisha nyuma, anaitazama tena, anaandika pembeni kwa penseli. Nilisoma juu ya bega lake: "Hapa, kimya kabla ya chuma. Nzuri." Yule ni Guelord. Jana nililala nimempa mgongo, mara ya kwanza tangu harusi.

Ijumaa, 14 Machi

Mardochée alipokwenda kuchaji betri ya akiba niliiwasha kamera mwenyewe. Nilitaka kujua ninapigana na nini.

Niliona tofali. Niliona mkono, niliona shati la misa, niliona mfuko wa safari umewekwa chini kwa uangalifu pembeni mwa dimbwi ili usilowe. Niliona uso. Ni parrain.

Mardochée alirudi akanikuta nimekaa sakafuni.

"Ulijua," nilisema.

"Tangu siku ya kwanza nilipoitazama."

"Na ungemwonyesha kwenye televisheni?"

"Sijui." Alikaa chini karibu nami. "Benita, vitabu vyangu vyote vinaisha pale mtu anapojulikana. Ninafunga, ninaenda kula. Huyu nikimfungua, ndugu za Guelord wataenda kwake na petroli. Nikimfunika, ninaendelea kula mukate wake. Sijawahi kuandika ukurasa unaokuja nyuma ya ule."

Alikuwa analia. Nilimshika. Hakuwa Kamisaa Tumba, alikuwa mume wangu tu, na ninadhani leo ndipo nilipoolewa.

Jumapili, 16 Machi

Parrain alipita baada ya misa, mkate kwapani, anaelekea hospitalini. Mardochée alimkaribisha kiti, akamweka kamera mbele, akaiwasha.

Papa Osée alitazama mpaka mwisho. Mkate ulibonyea mkononi mwake.

"Nilikuwa nashuka tu kwa gari," alisema. "Nilisikia nyungu zinapigwa. Sikuuliza. Hatuulizaka."

"Ulijua lini, ba parrain?" niliuliza.

"Nilisikia sauti yako. Ulisema ni Guelord. Tofali ilikuwa imeisha kutoka mukono." Alijitazama kiganja. "Kila siku ninaenda pale na mukate, ninasema leo nitamuambia. Ananiambia aksanti ba papa, na kinywa inafunga."

"Papa Désiré anataka kuonyesha yote," Mardochée alisema.

"Basi bataniua."

"Ndiyo, ba parrain. Bataweza kukuua."

Sikumchukia, na hilo lilinitisha. Nilimwona mzee aliyekuja kuniokoa bila viatu, na nikajua kwamba ni miguu ileile iliyomleta pale avenue.

"Simama, ba parrain," nilisema. "Twende sote."

Guelord alikuwa amekaa kitandani, bandeji usoni, anamchekesha muuguzi. Parrain alibaki amesimama. Alisema yote kwa sentensi moja, bila kumtaja Mungu. Guelord aliacha kutabasamu. Aliomba kamera aliyokuwa ameibeba Mardochée. Alitazama kwa jicho lake moja, karibu sana, kama anachomelea.

"Ninaanguka vibaya," alisema mwishoni. "Ningejua, ningeanguka muzuri."

Hakuna aliyecheka. Alimgeukia parrain. "Ba papa, mutoto wangu akinikaribia upande huu, simuoni. Anafikiri ninamukatalia."

Parrain alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Hapana, angalia," Guelord alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Uniangalie."

Kisha alimwuliza Doudou, aliyekuwa ametufuata na kusimama mlangoni, ni kitufe gani kinafuta. Doudou alitazama mume wangu. Picha ile ilikuwa pale tu, hakuna pengine popote. Mkono wa Mardochée ulinyanyuka kutoka gotini. Niliuona ukinyanyuka, na Kasenga yote ilikuwa ndani ya mkono ule, mto na samaki na kitanda kitupu. Ukarudi chini.

"Kile chekundu," mume wangu alisema. "Bonyeza mara mbili."

Guelord alibonyeza. "Tutapiga tena," alisema. "Na kovu yangu, na yote. Na muntu wa tofali atakuwa yeye."

Jumamosi, 29 Machi

Mardochée ameandika upya mwisho. Mtu anayepigwa si jambazi tena, ni mpita njia. Kamisaa Tumba ameondolewa kabisa. Mimi nimetengeneza tofali la karatasi na gundi.

Jumamosi, 5 Aprili

Safari hii tulizunguka avenue zote, hadi kwenye reli, siku nne nzima, nyumba kwa nyumba, tukiwaambia watu kwamba ni filamu. Walikuja kutazama, mamia, na walisimama mbali. Baadhi yao niliwatambua, nao walijua kwamba nimewatambua.

Guelord alijilaza kwenye tope bila bandeji. Papa Osée alisimama hatua chache kutoka kwake, shati lilelile, na tofali la karatasi. Mama Germaine alikuwa kati ya wanawake, hakuangalia pembeni hata mara moja.

Mardochée alisema, "Action." Parrain aliinua mkono. Mkono ukabaki juu. Ukashuka.

"Tena."

Ukashuka tena.

"Ba parrain, ni karatasi," mume wangu alisema kwa upole.

"Ninajua ni karatasi."

Tulirudia mpaka jua likaanza kugusa mabati ya nyumba. Guelord alikuwa anatetemeka kwa baridi ya tope. "Ba papa, tupa," alisema. "Siku ile haukuchelewa hivi."

Parrain alitupa. Lilimpata Guelord palepale, shavuni, chini ya jicho lisilokuwepo, likadunda bila sauti. Guelord aliinua mikono miwili usoni kama siku ile, na hakuwa anaigiza, mwili ulikumbuka wenyewe. Akatoa sauti. Wanaume mia moja walisogea nyuma.

Katika scénario parrain anakimbia hapo. Hakukimbia. Alikwenda hadi kwenye tope, akapiga magoti, akaweka kichwa cha Guelord mapajani, akawa anampangusa uso kwa shati lake, tena na tena, mahali pasipo na damu. Doudou alimtazama mume wangu, akingoja neno la kukata. Mardochée alikuwa amenishika mkono kwa nguvu hadi pete iliniumiza. Hakulisema.

Alhamisi, 17 Aprili

Papa Désiré ameitazama filamu. Alikuwa na hasira ya ile iliyofutwa, ametupatia miezi mitatu tu ya majaribio badala ya mwaka, na malipo nusu. Tumekubali. Mume wangu hatakwenda Kasenga, angalau si msimu huu, na Guelord anaandikiwa nafasi.

Aliuliza pia yule mzee ni mwigizaji gani, ametoka kundi gani, anamtaka kwa mfululizo mzima. Mardochée aliruka ukuta wa ua kwenda kumpa habari. Nilisikia jibu nikiwa huku nyuma, nimeshika sabuni na nguo za kufua.

"Muambie," Papa Osée alisema, "ule muzee haiko mwigizaji. Alikuwa anapita tu."